Mwaridi Mmoja, Kanda Tatu: Jinsi ya Kulea Waridi la Queen Elizabeth Murang'a

Wakazi watatu wa Kaunti ya Murang'a wanaweza kununua miche ya waridi kwenye kitalu kimoja, siku moja, kwa bei moja. Mmoja akaipeleka Kanyenyaini kwenye majani chai, wa pili akaipanda Kahuro karibu na kahawa, na wa tatu akashuka nayo hadi Kambiti. Baada ya mwaka mmoja wakikutana, huenda wasiamini kuwa miche ile ilitoka mahali pamoja. Wa kwanza atasema maua yake ni makubwa lakini yanachelewa na majani yana madoa. Wa pili atalalamika kuwa mmea umepita urefu wa dirisha. Wa tatu atasema wake ulikauka mwezi wa Februari, maji yalipoanza kuwa ya kununua.

Kosa haliko kwenye kitalu wala kwenye mche. Murang'a huanza karibu mita 914 juu ya usawa wa bahari upande wa mashariki na kupanda hadi mita 3,353 kwenye milima ya Aberdare upande wa magharibi. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa takriban digrii sita. Kaunti hii ina hali kadhaa za hewa ndani ya mipaka yake, na mmea uliopandwa bila kuzingatia mwinuko hugharimu pesa, maji na jasho bure.

Makala hii inaeleza namna ya kulea waridi lenye nguvu katika kanda tatu za kaunti: ukanda wa chai, ukanda wa kahawa na ukanda wa chini ulio mkavu. Mfano unaotumika ni waridi liitwalo Queen Elizabeth, mojawapo ya aina zinazojulikana zaidi duniani kwa nguvu ya kukua. Hata hivyo, mwenye aina nyingine inayokua kwa kasi anaweza kufuata utaratibu huu huu.

Waridi lenye jina linalogusa Nyeri

Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala Treetops, nyumba ya wageni iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, Kaunti ya Nyeri. Baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usiku huo huko Uingereza. Habari zilimfikia siku hiyo akiwa Sagana Lodge, huko huko Nyeri, naye akarejea kwao akiwa malkia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, waridi lililozalishwa na Mmarekani Walter Lammerts huko California lilitolewa kwa umma likiwa na jina la malkia huyo. Maua yake ni ya rangi ya waridi, hutoka moja moja au kwa vishada, na shina lina miiba michache kuliko aina nyingi. Kilicholipa sifa zaidi ni nguvu zake. Mwaka 1979 Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waridi liliingiza aina hiyo katika orodha yake ya heshima ya mawaridi yanayopendwa zaidi.

Katika nchi za baridi, mwaridi huu hufikia mita moja na nusu hadi mbili. Kwenye joto, kama California ulikozaliwa, unaweza kufika mita tatu. Ulaya mwaridi hulala wakati wa majira ya baridi, na mwenye bustani huupogoa ukiwa umelala. Hapa kwetu karibu na ikweta hakuna majira hayo. Mmea haulali, hukua na kutoa maua mwaka mzima. Kwa hiyo anayesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya na kuyafuata mwezi kwa mwezi atapotea njia. Kalenda inayofaa Murang'a ni ya mvua: ile ndefu ya Machi hadi Mei ambayo wazee huiita njahi, na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba iitwayo mwere.

Mwinuko hufanya nini kwa ua

Wakulima wa maua ya kuuza nje ya nchi wanaijua siri hii na huitumia kuchagua mahali pa kuwekeza. Mashamba ya Timau, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, yako juu zaidi ya mita 2,000. Waridi la huko hukua polepole, na kwa sababu hiyo hutoa kichwa kikubwa na shina refu. Katika mashamba ya chini kama yale ya Thika na Athi River, joto huharakisha ukuaji. Mkulima huvuna mashina mengi zaidi kwa mwaka, lakini kichwa cha ua huwa kidogo.

Bustani ya nyumbani hufuata kanuni hiyo hiyo. Tawi likikatwa katika ukanda wa chini, ua jipya linaweza kuchanua baada ya takriban wiki saba. Katika ukanda wa chai, tawi kama hilo linaweza kuhitaji wiki kumi au zaidi. Mtu anayetaka maua ya Februari 14, siku ya wapendanao, apogoe mwishoni mwa Desemba ikiwa yuko Makuyu. Akiwa Kangema juu, apogoe mwanzoni mwa Desemba. Muda kamili hutofautiana na shamba na aina, kwa hivyo ni vyema kila mwenye bustani aandike tarehe aliyokata na tarehe ua lilipofunguka. Misimu miwili ya kuandika itampa kalenda inayolingana na shamba lake mwenyewe.

Kununua mche

Miche mingi ya waridi huuzwa ikiwa imeunganishwa: aina ya juu inayotoa maua huwekwa juu ya mizizi ya aina nyingine iliyo imara. Hapa Kenya, mizizi inayotumika sana katika mashamba ya maua ni ya aina iitwayo Natal Briar. Njia hii ni nzuri, lakini ina mtego. Mizizi hiyo ina nguvu zake yenyewe, na wakati mwingine hutoa machipukizi chini ya mahali palipounganishwa. Mwenye bustani asiyejua hufurahi kuona mmea unachipuka kwa wingi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, waridi alilonunua limekufa na kilichobaki ni mizizi iliyogeuka kichaka.

Dawa yake ni kukagua mara kwa mara. Chipukizi likitoka chini ya kile kifundo cha kuunganishia, na majani yake yakiwa tofauti na ya juu, lifukuliwe na kung'olewa pale linapoanzia kwenye mzizi. Likikatwa kwa mkasi juu ya udongo, litarudi likiwa na wenzake.

Queen Elizabeth pia hukubali kupandwa kwa vijiti. Kijiti kiwe na unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kitoke kwenye tawi lililokwisha kutoa ua, na kiwe na vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini yaondolewe, kisha kijiti kizikwe hadi nusu katika mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, na kitunziwe unyevu. Mizizi huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi nane.

Aina hii ni ya zamani, na haki za mzalishaji wake zilikwisha muda mrefu uliopita. Mambo ni tofauti kwa aina mpya zinazokuzwa na mashamba makubwa ya maua. Nyingi zinalindwa kisheria, na kuzizalisha ili kuuza miche bila idhini ni kosa. Vikundi vya akina mama na vijana vinavyoanzisha vitalu viulize kwanza kwa Shirika la Kukagua Afya ya Mimea, KEPHIS, kabla ya kuokota vijiti vya shamba la watu.

Ukanda wa chai: adui ni unyevu

Huu ni upande wa juu wa Kangema, Mathioya, Kigumo, Kandara na Gatanga, unaopakana na msitu wa Aberdare. Mvua ni nyingi, ukungu huchelewa kuondoka, na baridi ya Juni hadi Agosti, majira ya gathano, huingia hadi jikoni.

Tatizo kubwa la waridi hapa ni ugonjwa wa madoa meusi. Vimelea vyake huhitaji jani libaki na maji kwa takriban saa saba ili viingie. Katika ukanda wa chini saa hizo saba ni nadra, lakini Kanyenyaini asubuhi moja ya ukungu inatosha. Kwa hiyo mche upandwe mahali panapopata jua la asubuhi, mbali na ukuta na mbali na kivuli cha migrevilea. Nafasi kati ya mche na mche iwe angalau mita 1.2 ili upepo upite. Majani yenye madoa yaokotwe na kuchomwa au kuzikwa, kwa sababu yakiachwa chini, mvua itarusha ugonjwa juu tena.

Udongo wa hapa unapendwa na majani chai kwa kuwa una tindikali. Waridi halipendi tindikali kiasi hicho. Hufanya vyema udongo ukiwa na kipimo cha pH cha karibu 6 hadi 6.5. Bila marekebisho, majani huwa ya manjano hata baada ya mbolea kutiwa, na mtu huongeza mbolea akidhani haitoshi. Ni nafuu kupima udongo kwanza, kisha kutumia chokaa ya kilimo kwa kiasi kitakachopendekezwa. Gao moja la jivu la jikoni likichanganywa na udongo wa shimo pia husaidia kidogo, lakini jivu lisimwagwe kwa ndoo.

Kupogoa kufanywe wakati wa ukavu, mwezi wa Januari au Februari, na tena mwezi wa Septemba. Kupogoa katikati ya gathano ni kuacha vidonda wazi wakati wa unyevu huku mmea hauna haraka ya kupona.

Ukanda wa kahawa: adui ni nguvu zenyewe

Kahuro, sehemu kubwa ya Kiharu, na maeneo ya kati ya Kigumo na Kandara yana udongo mwekundu wenye kina, mvua ya kutosha na joto la wastani. Hapa waridi lenye nguvu hupata karibu kila kitu linachohitaji, na hapo ndipo taabu huanza. Mmea usipoguswa hupanda juu, shina likabaki tupu, na maua yakawa juu ya kichwa cha mtu, ambako ni ndege tu wanaoyaona.

Wengi wakifika hapo hukasirika na kuufyeka hadi chini. Queen Elizabeth hujibu kwa kurusha mashina marefu zaidi. Njia bora ni kupunguza theluthi moja ya urefu kila mara, na kuacha mashina katika vimo tofauti: mengine kiunoni, mengine kifuani. Maua yatatoka kwa ngazi kuanzia chini hadi juu. Kila mwaka, shina moja au mawili yaliyo mazee zaidi yakatwe karibu na chini ili kuachia nafasi machipukizi mapya.

Mkasi uwe mkali na upanguzwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine. Mkato uwe wa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lifunguke kuelekea nje na katikati pabaki na hewa. Anayekata ua la kupeleka kanisani au kuweka mezani aache chini ya mkato majani mawili yenye vijani vitano vitano, kwa kuwa kwenye maungo hayo ndiko ua linalofuata litatokea.

Ukanda huu pia ndio unaofaa zaidi kwa ua wa boma. Miche ikipandwa mita moja kutoka mwingine hadi mwingine huwa uzio mzuri wa kutazamwa, lakini kwa kuwa aina hii ina miiba michache, isitegemewe kuzuia ng'ombe wala mwizi.

Ukanda wa chini: hesabu mitungi kabla ya miche

Kambiti, Ithanga na sehemu za chini za Makuyu ni nchi ya maembe na mananasi. Jua ni kali, mvua ni haba, na katika miezi ya Januari na Februari maji ya nyumbani yenyewe huwa na foleni. Waridi lenye nguvu linaweza kustawi hapa, na magonjwa ya unyevu hayalisumbui sana. Lakini nguvu zake hutegemea maji, kwa sababu mmea unaokua haraka hunywa haraka.

Hesabu ni rahisi. Mmea mmoja uliokomaa huhitaji takriban lita 10 kila anaponyweshwa, mara tatu kwa wiki wakati wa kiangazi. Miche kumi itakunywa lita 300 kwa wiki, yaani mitungi 15 ya lita 20. Familia inayonunua maji au kuyabeba kwa punda inafaa kujiuliza nani ataibeba mitungi hiyo 15, na ni nini kitakachokosa maji. Miche miwili mlangoni inayonyweshwa vizuri hupendeza kuliko kumi iliyokauka, na haimnyimi mtoto maji ya kuoga.

Maji yaliyosuuzia mboga na vyombo yanaweza kutumika. Ya kufulia nguo yatumike yale ya mwisho ya kusuuza, yasiyo na sabuni nyingi, na yasimwagwe kwenye mmea huo huo kila siku. Maji yatiwe jioni au alfajiri, polepole, chini kwenye mizizi. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kuzikwa kando ya mche hutoa maji kwa matone na kuzuia upotevu.

Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa vidole vinne hupunguza maji yanayopotea na hupooza udongo. Yawekwe mbali kidogo na shina, kwani mchwa wa ukanda huu wakipata nyasi zilizogusa shina huendelea na shina lenyewe. Mche upandwe mwanzoni mwa mvua ili uwe na mizizi ya kutosha kabla ya kiangazi, na mahali panapopata kivuli chepesi kuanzia saa nane mchana.

Mdudu wa kuangaliwa hapa ni utitiri mwekundu, mdogo kiasi cha kuonekana kama vumbi chini ya jani. Hufurahia joto na ukavu, na jani aliloshambulia hugeuka kuwa la kijivujivu lenye utando mwembamba. Kabla ya kukimbilia dawa, upande wa chini wa majani urushiwe maji kwa nguvu asubuhi mara mbili au tatu kwa wiki. Mara nyingi hilo linatosha kwa bustani ndogo.

Shimo, mbolea na dawa

Katika kanda zote tatu, shimo liwe na upana na kina cha futi moja na nusu. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kifundo cha kuunganishia kibaki juu ya udongo. Kila mvua inapoanza, mmea uongezewe nusu debe ya samadi au mboji kuuzunguka.

Kuhusu dawa, bustani nyingi za Murang'a zina waridi upande mmoja na sukuma wiki upande wa pili, hatua mbili tu. Dawa iliyonyunyiziwa ua hupeperuka hadi kwenye mboga ya chajio. Kinachotumika kiwe kimesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, lebo isomwe hadi mwisho, na kipindi cha kusubiri kabla ya kuvuna kizingatiwe kwa mboga iliyo karibu. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda.

Je, waridi hili linaweza kuuzwa?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu linahitaji kusemwa waziwazi. Mawaridi yanayosafirishwa Ulaya hukuzwa ndani ya vivungulio, kwa aina zilizochaguliwa kwa ajili ya soko hilo, na hupozwa kuanzia yanapovunwa hadi yanapofika mnadani au dukani. Queen Elizabeth ni waridi la bustani. Halikuzalishwa kwa safari hiyo. Mtu akishawishiwa kung'oa kahawa au kukopa pesa za chama ili apande nusu ekari ya mawaridi ya nje ya nyumba kwa ahadi ya soko la ng'ambo, asitoe hata shilingi kabla ya kuona mkataba ulioandikwa na kumwonyesha afisa wa kilimo.

Soko la karibu lipo, ingawa ni dogo: harusi, makanisa, mahafali na mazishi. Miche iliyotunzwa vizuri pia hununuliwa. Mwenye kitalu anayeweza kumweleza mteja, "Huu wa kwenda Ithanga unahitaji maji kiasi hiki, na huu wa Kangema upandwe juani," humsaidia mteja kuokoa pesa, na mteja huyo hurudi.

Kwa ushauri zaidi, mkazi anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake, au kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha KALRO kilichoko Kandara, ndani ya kaunti hii. Aende na mambo matatu mkononi: jina la kijiji chake, tawi lenye majani yaliyoathirika likiwa ndani ya karatasi, na hesabu ya maji anayoweza kutenga kwa wiki. Kwa hayo matatu, afisa ataweza kumshauri kulingana na ukanda wake.